Nilivyojifunza Kibaski kwa Gharama ya Suruali

Mdogo wangu alipompigia mama simu kumwambia kwamba Jumamosi wakwe watanipeleka kunywa txakoli, mama alisikia "kunywa chakula". Neno lenyewe, jina la mvinyo wa Wabaski wa kaskazini mwa Uhispania, linatamkwa "chakoli", kwa hiyo simlaumu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu: "Kwani kaka yako anaumwa?"

Sikuwa naumwa. Nilikuwa mzima kabisa, tena nimevimba kichwa. Kwetu ni Mpunguzi, Dodoma, na mtu akitaja zabibu mbele yangu naona kama kanitaja mimi. Nina heka moja na nusu ya Makutupora nyekundu, napogoa mwenyewe, napulizia dawa mwenyewe, na navuna mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo ukoo ulipokaa kikao kuamua nani aende Uhispania kuonana na wakwe (mdogo wangu kaolewa na kijana wa Kibaski waliyekutana chuoni, na baba yetu ameshatangulia), jina langu lilipita bila kupingwa. Baba mdogo alisimama akasema, "Wale ni watu wa mvinyo, huyu ni mtu wa zabibu. Wataelewana." Halafu akanivuta pembeni akaninong'oneza kwamba ukweni mtu hutazamwa anavyoshika glasi, nisije nikawa na haraka. Nikamwambia, "Baba mdogo, mimi? Glasi?"

Nilibeba zawadi mbili. Ya kwanza chupa ya mvinyo mwekundu wa Dodoma, ule mtamu hasa, ambao mama zetu wa kwaya wanaunywa wakisema ni juisi. Ya pili doti ya khanga kwa mama mkwe, nyekundu na nyeusi, imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Hiyo khanga iwekeni akilini, tutaihitaji.

Getaria, tulikokuwa tunapelekwa, iko kama kilomita 25 magharibi ya San Sebastián, mji ambao wenyewe wanauita Donostia. Tulikwenda kwa basi, kwa sababu shemeji alisema siku ya txakoli hakuna mtu wa familia yao anayeshika usukani. Kauli hiyo ningeitafakari vizuri, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Yeye mwenyewe alikuwa kazini hadi saa nane mchana, angetukuta huko huko kwenye chakula. Ilikuwa Mei, na ilikuwa inanyesha ile mvua yao wanayoiita txirimiri: manyunyu ambayo hayakuloweshi, ila ukifika unakokwenda umelowa.

Dirishani niliona mizabibu imeteremka milimani hadi karibu na bahari, na hapo hapo nikaanza ukaguzi. Kwetu mzabibu unaegemezwa kwenye nguzo na waya, unauchuma umesimama unautazama. Hawa wameipandisha juu ya vichanja, kimo cha mtu, majani yametanda kama paa la kibanda cha mama lishe, vichala vitaning'inia kivulini huko chini. Nikasema kwa sauti, basi zima likisikia ila likiwa halielewi, kwamba mwenye shamba huyu hajui kazi.

"Kaka," mdogo wangu akanikatiza, "huku mvua inapita milimita 1,500 kwa mwaka. Wanainua ili upepo upite chini, ubwiri usiwamalizie mazao."

Nikanyamaza. Dodoma tukipata milimita 600 tunaitisha misa ya shukrani.

Akaendelea kunipa darasa. Kwamba zabibu yenyewe inaitwa Hondarrabi Zuri, na nje ya pwani hii ya Wabaski huioni mahali pengi. Kwamba zamani txakoli ilikuwa kinywaji cha mkulima, anajitengenezea ghalani anakunywa na jirani, na ilibaki kidogo ipotee, mpaka watu wa hapa wakaishikia bango. Mwaka 1989 ndipo txakoli ya Getaria ikapata jina lake linalolindwa kisheria. Mengine sikuyasikia. Nilikuwa nimebaki pale kwenye "Zuri". Nikajiambia, hawa watu hawana aibu, wameisifu zabibu yao kwenye jina lenyewe. Bila shaka kuna Hondarrabi Zuri na kuna Hondarrabi Mbaya, hiyo mbaya wanawauzia watalii.

Tukashuka. Mji mdogo, wa wavuvi, mtaa mmoja mkubwa unateremka kuelekea kanisani na bandarini. Mbele yake baharini kuna kilima kilichounganishwa na nchi kavu, wanakiita Panya, na kweli ukikitazama toka mbali ni panya kajilaza. Mzee mkwe na mama mkwe walitupokea kituoni kwa mabusu, shavu hili na shavu lile. Mimi nikatoa mkono, tukagongana pua na mzee. Mkoba wa zawadi niliung'ang'ania. Zawadi zinatolewa kwenye chakula, kwa hotuba. Hotuba niliiandaa tangu Dubai.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipofanyika. Mama mkwe alitaka kumpeleka mdogo wangu kwenye makumbusho ya Balenciaga, yule fundi wa mavazi aliyezaliwa hapo hapo Getaria mwaka 1895. Mimi na magauni hatujuani. Mzee mkwe naye alinyoosha kidole upande wa pili, kwenye baa.

"Kaka, utaweza?" mdogo wangu akaniuliza. "Mzee hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Na wewe Kihispania chako ni 'gracias' tu."

"Nenda mwanangu," nikamjibu. "Sisi ni watu wa zabibu. Hatuhitaji mkalimani."

Ndani tulikuta wazee wanne, watatu wamevaa zile kofia zao bapa nyeusi, na muuzaji mwenye mikono kama ya mbeba mizigo wa Kariakoo. Kaunta imejaa sahani za vitafunwa. Mzee mkwe akanitambulisha. Nilisikia "Tanzania", wote wakanipa mkono. Kisha muuzaji akaniuliza kitu: "Zuria ala beltza?"

Sasa wewe, msomaji wangu, ungejibu nini? Katika maneno yote yale nilisikia moja tu la kwetu. Nikatabasamu. "Zuri," nikasema. Nikaongeza heshima kidogo: "Zuri sana."

Baa ilinyamaza. Wazee wakatazamana. Mzee mkwe alinitazama kama mtu aliyemwona mbuzi wake anasoma gazeti. Halafu wote wakaangua shangwe, nikapigwa mgongoni, na muuzaji akachomoa chupa kwenye barafu.

Ninachowaambia sasa nilikuja kukijua nikiwa nimeshalowa. Kwa Kibaski, zuri maana yake ni nyeupe. Beltza ni nyeusi, na ndivyo wanavyouita mvinyo mwekundu. Muuzaji aliniuliza kama nataka mweupe au mwekundu, na mimi, Mgogo wa Mpunguzi niliyeshuka basi nusu saa iliyopita, nikamjibu kwa lugha ambayo wataalamu wameshindwa kuipatia ndugu duniani. Hata Wahispania wa Madrid hawaijui. Wazee wale wakaamua kwamba mgeni anajua Kibaski.

Muuzaji aliinua chupa juu ya kichwa chake, glasi akaishusha usawa wa paja. Si glasi za miguu mirefu. Ni pana, nyembamba ukuta, kama zile za juisi ya miwa. Akamimina bila kutazama juu. Mvinyo ukashuka uzi mmoja mwembamba, karibu mita nzima hewani, ukagonga ukingo wa ndani ya glasi, ukatoa povu jepesi likafa hapo hapo. Akanipa kama vidole viwili tu. Nikasema moyoni, bahili. Nikageuza chupa kusoma: asilimia 11. Nikacheka kabisa. Kwetu kiwango hicho tunampa mgonjwa.

Nikanusa kwanza, kama mtaalamu. Tufaa bichi, na kitu kama upepo wa forodhani. Kisha nikapiga funda.

Jamani. Umewahi kula embe bichi lile la mwanzo wa msimu, bila pilipili, bila chumvi, halafu ukajisahau ukala na la pili? Mashavu yalikutana katikati. Sikio la kushoto lilifunga. Kanisani tulisomewa habari za zabibu kali zinazotia meno ganzi, na siku zote nilidhani ni mafumbo, siyo mafumbo. Juu ya ukali huo kulikuwa na gesi kidogo, kama soda iliyofunguliwa asubuhi ikanywewa jioni, inakuchomachoma ulimi ili usisahau. Sukari hakuna. Nilitafuta sukari kila pembe ya mdomo, hakuna.

Wazee watano wananitazama. Mkwe hupimwa kwenye glasi. Nikameza, nikafuta chozi, nikasema, "Nzuri!"

Wakamimina tena.

Nikanywa kwa adabu, nikasema, "Nzuri, nzuri sana." Wakamimina ya tatu. Hapo nilianza kushangaa ukarimu wa watu hawa. Kwetu ukisifu mboga unaongezewa, lakini unaachiwa kwanza umeze.

Mzee mkwe, Mungu amzidishie, aliona macho yangu. Akanisogezea kijiti kilichochomekwa zeituni, pilipili ndefu ya kijani ya kwenye siki, na dagaa mmoja mnene wa chumvi anayeng'aa mafuta. Nikakitia chote mdomoni kwa mpigo kama nilivyoona wanafanya. Chumvi, mafuta, siki, pilipili, vurugu tupu. Kisha nikapiga funda la txakoli juu yake. Na hapo, kwa haki ya Mungu, kitu kikafunguka. Ule ukali uliolipasua sikio langu ulishika yale mafuta ukayafagia, mdomo ukabaki safi kama sebule siku ya Idi, na ulimi ukaanza kumuulizia dagaa mwingine. Nikaelewa kwa nini hawaongezi sukari, na kwa nini wanamimina vidole viwili viwili unywe kabla gesi haijakimbia. Hiki si kinywaji cha kukaa nacho ukiwaza madeni. Hii ni ile ndimu tunayokamulia samaki, ila wenzetu wameitia kwenye chupa.

Safari hii niliposema "nzuri" nilikuwa nasema kweli, na kwa bahati mbaya nilisema mara tatu.

Glasi ya sita au ya saba niliona sasa inatosha, nitoke nikatazame bahari. Kuna sanamu ya Elcano hapo mjini. Huyo ni mtoto wa Getaria, ndiye aliyeikamilisha safari ya kwanza ya kuizunguka dunia baada ya kiongozi wao Magellan kuuawa njiani, wakarudi mwaka 1522 watu 18 tu, naye akiwamo, ndani ya merikebu moja. Nilitaka nimpe heshima zake. Nikashuka kwenye stuli kwa uangalifu, nikawapungia wazee mkono. "Kwaheri" wasingeielewa, nikachagua ile ambayo dunia nzima inaijua. Nikasema, "Bai!"

Muuzaji akanimiminia.

Nikafikiri labda ni desturi, mgeni hatoki mikono mitupu. Nikanywa nimesimama. Nikaweka glasi chini, nikapunga tena, kwa msisitizo: "Bai!" Akanimiminia nyingine, na mzee mmoja akaniwekea dagaa. Nikaona huenda hawanisikii vizuri kwa kelele. Nikainua mikono yote miwili: "Bai, bai!"

Nikapewa glasi mbili. Moja kila mkono.

Elcano alizunguka dunia. Mimi nilishindwa kuuzunguka mlango wa baa.

Wakati huo habari zilikuwa zimetoka nje. Watu wakaanza kuingia kumtazama Mwafrika anayeongea Kibaski. Akaja kijana mwenye skafu ya Real Sociedad, akanisogelea karibu kabisa akauliza kwa hisia, "Txuri-urdin?" Nilisikia kama "zuri" imo humo ndani, nikamjibu, "Zuri!" Akanikumbatia machozi yakimlengalenga, nyeupe na bluu ndizo rangi za timu yake. Akaja mama mmoja wa makamo na swali refu, refu kama tangazo la msiba redioni. Mimi nikaona huyu ndiye wa kuniokoa, nikamwambia kwa upole, "Mama, bai." Akafurahi, akaandika kitu kwenye simu yake. Wakaja vijana wawili wenye mabega mapana kama milango, wakaniuliza kitu huku wakivutavuta hewa kwa mikono, nyuma na mbele. "Bai," nikawaambia. "Bai kabisa." Wakanipima mabega, wakaridhika.

Hatimaye muuzaji akazunguka kaunta akaja mbele yangu. Alinishikia chupa kwa mikono miwili, akaonyesha juu, akaonyesha glasi, akauliza swali taratibu. Nikajua huu ndio mwisho, wananiaga rasmi. Nikaweka mkono kifuani, nikainama kidogo kama mbele ya mtemi, nikasema, "Bai."

Nyumba ililipuka. Chupa nikatiwa mkononi.

Tukatolewa nje wote, kwa sababu ndani dari ni fupi na mimi ni mrefu. Mvua ilikuwa imekatika, upepo unatoka baharini, Panya kajilaza kule mbele anatazama. Duara likafanyika. Mzee mkwe akawa anaeleza watu kitu huku akinionyesha, na ingawa sikumwelewa hata neno, sura yake niliijua. Ilikuwa sura ya baba mdogo siku ya kile kikao.

Sikuwa na wasiwasi, hilo niseme wazi. Mtoto gani wa Kitanzania hajui kupoza chai? Unainua kikombe hiki, unamwaga kwenye kile, unarudisha, toka nikiwa darasa la pili. Nikainua chupa hadi mkono ukanyooka. Glasi nikaishusha usawa wa paja kama nilivyoona. Nikamimina.

Sekunde ya kwanza uzi ulishuka umenyooka, ukaingia glasini, nikausikia unalia. Sekunde ya pili pia. Duara likapiga makofi. Na mimi, mjinga wa watu, nikainua uso kuwaitikia.

Kanuni ya kumimina txakoli, niliambiwa baadaye, ni kwamba macho hayatoki kwenye glasi hata kama nyumba inaungua. Upepo nao haukuwa na subira. Mvinyo uliiacha glasi ukahamia kwenye suruali yangu, suruali mpya ya kaki, ya hotuba, na ukaipiga pale hasa ambapo mwanamume akilowana hakuna maelezo yanayokubalika. Ulikuwa wa barafu. Na ulikuwa na gesi; nilikuwa naisikia inachemka. Ningeacha kumimina ningepona na nusu ya aibu, lakini mkono ulioko juu una akili zake, ulikuwa bado unapokea makofi. Chupa iliendelea hadi tone la mwisho, mguu wa kulia, soksi, kiatu.

Nikashusha macho. Doa lilikuwa limechora kitu kama ramani ya bara zima la Afrika, na Madagaska yake pembeni.

"KAKA!"

Mdogo wangu na mama mkwe walikuwa wamesimama kwenye kona, wametoka kutazama mavazi ya kifahari ya karne nzima. Mdogo wangu akaja mbio, akanikagua, akashusha sauti ile ya mtu anayemsitiri nduguye mbele za watu.

"Kaka, choo si kilikuwa humo humo ndani?"

"Ni mvinyo!" nikamwambia.

"Haya, najua ni mvinyo. Ungewahi mapema."

Kabla sijajitetea mzee mkwe akamshika mkono mdogo wangu akaanza kumweleza, macho yanang'aa, mikono inapaa. Mdogo wangu akawa anageuza uso, kwake, kwangu, kwake, kwangu.

"Anasema ulimficha. Anasema unaongea Kibaski."

"Sijasema neno hata moja la Kibaski toka nizaliwe."

"Umesema nini humo ndani? Neno kwa neno."

"Nimesifu mvinyo tu. Nimesema zuri. Halafu nikaaga. Nimesema bai."

"Mara ngapi?"

"Kuaga? Kama mara kumi na tano. Hawaagiki hawa watu."

Alikaa kwenye ngazi ya baa. Alicheka bila sauti kwa muda mrefu, kilemba kikamfunguka. Alipopata pumzi ndipo akanipa somo ambalo angenipa kwenye basi badala ya milimita za mvua: bai, kwa Kibaski, ni ndiyo. Kila nilipoaga nilikuwa naulizwa kama naongeza, na nilikuwa najibu ndiyo. Nilipoinua mikono miwili nilisema ndiyo na ndiyo.

Akawauliza na wale wengine. Yule mama wa swali refu ni wa kwaya ya parokia. Nimeshaandikwa, sauti ya nne, mazoezi Jumatano. Wale vijana wa mabega ni wapiga makasia, ile mitumbwi yao ya mashindano inayobeba wapiga makasia 13; waliuliza kama nimewahi kupiga kasia baharini, nikasema ndiyo, wakauliza kama nitawajaribia kesho asubuhi, nikasema ndiyo kabisa. Mimi, ambaye maji marefu niliyowahi kuingia ni bwawa la Hombolo, na niliishia magotini.

Shemeji akatokea wakati huo huo toka kituo cha basi, kapiga shati jeupe, anatabasamu. Akaitazama suruali yangu. Akaacha kutabasamu. Akautazama uso wa baba yake, akaanza tena.

Saa ya chakula ilikuwa imefika na meza imewekwa, na mimi siwezi kukaa mbele ya wakwe na bara la Afrika mapajani. Ndipo mdogo wangu akautazama mkoba niliokuwa nimeung'ang'ania toka asubuhi.

"Usithubutu," nikamwambia. "Hiyo ni ya mama mkwe. Ina hotuba yake."

Alishathubutu. Doti ikatoka, imekunjwa bado na harufu yake ya dukani. Mama mkwe akaipapasa, akauliza ni nini, akaelezwa ni yake, na kwamba ni vipande viwili havijakatwa. Hakusubiri hotuba. Akaenda kwa mchomaji samaki, ambaye jiko lake la mkaa liko nje kabisa barabarani, akaazima mkasi mkubwa wa kukatia mapezi, akaikata doti katikati kwa mkono wa mtu aliyezoea kitambaa. Kipande kimoja akanifunga kiunoni yeye mwenyewe, akaikaza ncha. Cha pili akajitupia mabegani. Akataka kujua maandishi yanasemaje. Mdogo wangu akamtafsiria kwamba mgeni aje ili mwenyeji apone, na mama mkwe akanizunguka kuyasoma yaliponikalia, nyuma. Alihitaji kushika ukuta.

Hivyo ndivyo mjumbe wa ukoo alivyokaa mezani Getaria: sare na mama mkwe.

Samaki aliletwa mzima, yule bapa anayefanana na gayogayo ila mnene kama biblia ya mimbarini, kachomwa na ngozi yake, kando ya mapezi gundi inayonatisha vidole. Wakamwagia txakoli kwenye glasi, safari hii chini chini, kwa heshima ya afya yangu. Nikala nikasahau suruali. Sikusema nzuri. Nilitikisa kichwa tu, na ilibidi nitikise kwa uangalifu.

Baadaye nikatoa zawadi ya pili. Hotuba ilikuwa imeshafutika kichwani, nikasema tu kwamba hii ni zabibu ya nyumbani, Dodoma, tunavuna mara mbili kwa mwaka. Shemeji akatafsiri. Wale wazee wa baa walikuwa wameshavuta viti, nao wakataka kuonja. Nikammiminia mzee mkwe kwanza, glasi ya kujaa, siyo vidole viwili, kwetu hatupimi.

Alinusa. Akapiga funda kubwa la mtu mwenye imani. Nikaona utamu unamfikia: nyusi zikapanda, shavu likaganda, koo likasita kidogo kabla ya kuruhusu. Macho yakamlengalenga. Meza nzima inamtazama, mimi ndiye niliyemtazama zaidi, na ile sura niliijua vizuri kwa sababu niliivaa mimi saa tatu zilizopita. Akameza. Akageuka kwa mdogo wangu akanong'onezwa neno, akanirudia, akaweka mkono kifuani.

"Nzuri," akasema.

Nikamjazia.

Akainua kiganja haraka, akafikiri, akakumbuka kwamba na sisi tuna neno letu la kuagia.

"Bai!" akasema, ananipungia mkono. "Bai, bai!"

Nikaita glasi ya pili.